Kitunguu Kimetuzidi

Wako watu wakianza kuhesabu ukoo wao, chai inapoa mezani. "Damu yetu si ya mchezo," wanasema. Wenye damu zao na wasogee karibu.

Mwaka 1990 wanasayansi walianza rasmi mradi wa kusoma DNA ya binadamu, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba kazi imekwisha. (Haikuwa imekwisha. Viporo vyake vilichapishwa 2022, lakini sherehe haingojei kiporo.) Wakakuta herufi kama bilioni 3. Tungepiga vigelegele, ila kitunguu maji, hiki hiki tunachokatia kachumbari huku tukilia, kina takriban bilioni 16. Mwaka 2024 ikasomwa DNA ya samaki wa Amerika Kusini, binamu wa kamongo wetu wa Ziwa Victoria, yule anayejizika topeni kiangazi kikikaza. Bilioni 91! Binamu wa kamongo, ambaye walaji wengine humkunjia pua.

Watetezi wetu wanasema wingi si hoja, kwani sehemu kubwa ya mrundikano huo ni vipande vinavyojinakili na kujirudia bila jipya, kama hotuba ya mgeni rasmi. Ni kweli. Basi tuhesabu jeni zinazotengeneza protini. Binadamu anazo takriban 20,000. Kinyoo cha udongoni kiitwacho Caenorhabditis elegans, chenye urefu wa kama milimita moja, nacho kinazo karibu idadi hiyo hiyo, na hakijawahi kumuuliza mtu kabila lake.