Jinsi ya Kuwafungia Wateja Nje na Kumwachia Mwizi Mlango

Hongera. Ami yako ana ofisi ghorofani, Edgware Road, upande wa Marble Arch. Anauza tikiti za Umra, anapakia mizigo ya Mombasa na Unguja, na juzi amekukabidhi seva ya barua pepe kwa sababu katika ukoo mzima wewe ndiye uliyesoma kompyuta. Seva inatumia Postfix na haijawahi kumsumbua mtu. Hilo ndilo la kurekebisha kwanza, maana chombo kisichosumbua hakuna anayekumbuka kwamba kina msimamizi.

Anza na namba. Postfix huja na vikomo vyake tayari: mteja mmoja anaruhusiwa miunganisho 50 kwa wakati mmoja, ambayo ni nusu ya michakato 100 inayoruhusiwa kwa kawaida. Kasi, yaani mara ngapi mteja aunganishwe au atume barua ndani ya sekunde 60, haina kikomo kabisa; imeandikwa 0. Msimamizi mvivu angeviacha vilivyo. Wewe fungua faili la mipangilio, main.cf, mstari wa smtpd_client_connection_count_limit uupe 3, na wa smtpd_client_message_rate_limit uupe 5. Mtu akikuuliza kwa nini 3, kunja uso. Namba iliyotolewa bila sababu haina pa kushikwa.

Maelezo ya Postfix usiyasome. Yanasema waziwazi kwamba vikomo hivi ni vya kupunguza hujuma, na kwamba visitumiwe kudhibiti barua halali. Wietse Venema aliyeiandika programu hii alikuwa mtafiti wa IBM. Toleo la kwanza likatoka mwaka 1998, na ni wazi kwamba hakuwa na habari za ofisi ya ami yako.

Sasa tazama nani anahesabiwa. Kazi hiyo imeachiwa mchakato mdogo uitwao anvil. Haujui jina la mtu wala akaunti yake. Unachojua ni anwani ya IP, basi. Na kwa jambo hilo Edgware Road ni mahali pa kujivunia. Mtaa wenyewe umezoea jina moja kubeba wawili: kuna stesheni mbili za treni, moja ya mwaka 1863 na nyingine ya 1907, zote zinaitwa Edgware Road, na wageni wanangojana kila mmoja kwenye yake. Halafu tangu 1 Julai 2007, Uingereza ilipokataza kuvuta ndani ya mikahawa, shisha imehamia nje kwenye viti vya kando ya njia. Ami na mawakala wake nao huhamia huko baada ya Alasiri, kwa kuwa Umra haiuzwi bila chai. Watu sita, simu sita, kompyuta mbili za mapajani, waifai moja ya mgahawa. Kwa anvil huyo ni mtu mmoja mwenye pupa.

Wakala wa nne akijaribu kutuma, anapata jibu la 421 4.7.0: miunganisho imezidi. Yule aliyebahatika kuingia anatuma nakala za pasi za familia ya watu saba, barua saba mbiombio. Ya sita inarudishwa na 450. Dakika mbili hazipiti, simu yako inalia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Barua haziendi huku."

"Ni mambo ya usalama, Ami."

"Usalama wa nani?"

Usilijibu hilo. Sema mtandao wa mgahawa ni mbovu.

Kuna udhaifu mmoja unaopaswa kuujua. Majibu yanayoanza na 4 yana huruma ndani yake: yanasema rudi baadaye. Kanuni ya RFC 5321 ya mwaka 2008 inaitaka seva inayotuma isubiri walau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5. Kwa hiyo mteja aliyekuandikia kutoka Gmail barua yake itafika, imechelewa tu, na wala hatajua. Simu ya mkononi haina subira hiyo. Yenyewe humwonyesha mwenyewe maandishi mekundu papo hapo. Ukitaka hata seva za watu zikate tamaa, tafuta namna ya kujibu kwa 5. Kwa hiari yake Postfix hailifanyi hilo kwa vikomo hivi, na wataalamu wana sababu zao za kutolifanya, lakini wataalamu hawakutaki mema.

Usiisahau Dovecot, inayowasomesha watu barua zao. Humo mail_max_userip_connections huwa 10, nayo huhesabu jina la mtumiaji pamoja na anwani yake. Huo ni uungwana uliopita kiasi: mgahawa mzima unaweza kusoma barua bila kugombana. Shusha hadi 2. Programu moja ya barua kwenye kompyuta hufungua miunganisho kadhaa peke yake, kwa hiyo Ami atagombana na Ami, na hatakuwa na wa kumlaumu.

Mpaka hapa wenyewe wamedhibitiwa. Amebaki mwizi, na yeye hana habari na wewe. Mwizi wa nywila haji kwa anwani moja. Anatumia maelfu ya kompyuta za watu alizoziteka, kila moja inabahatisha nywila mara moja au mbili na kuondoka. Umekuwa bawabu wa arusi anayewatambua wageni kwa gari lililowaleta: ndugu thelathini wa bibi arusi wameshuka kwenye basi moja, wewe unasema ni mtu yule yule anarudi mara thelathini, wazamiaji wamekuja kila mmoja na teksi yake, unawakaribisha kwa marashi.

Siku mwizi akiipata nywila ya wakala (ni Zanzibar123, kila mtu anaijua), fanya hesabu. Anwani 1,000, kila moja barua 5 kwa dakika: barua 5,000, na kikomo chako hakijavunjwa hata mara moja. Zote zinatangaza dawa za nguvu za kiume, kwa jina la ofisi ya Umra. Hapo utajuana na Spamhaus, shirika lililoanzishwa London mwaka 1998 na Steve Linford, ambalo orodha yake ya anwani chafu hutumiwa na seva nyingi duniani kuamua nani asipokewe. Anwani yenu ikiingia humo, hutahitaji tena vikomo. Barua zitapungua zenyewe.

Ami akija juu, mtulize kwa smtpd_client_event_limit_exceptions, orodha ya wasiohesabiwa. Kwa kawaida ina mtandao wenu wa ndani tu. Mtu mdogo wa fikra angeongeza anwani ya mgahawa. Wewe andika 0.0.0.0/0, dunia yote ya IPv4 isamehewe, ili uweze kusema vikomo bado vipo.

Na wakikushutumu kwamba unakuza mambo, wataje majaji. Mwaka 2004 kijana mmoja aliyefukuzwa kazi na kampuni moja ya hapa Uingereza aliimwagia seva ya kampuni hiyo barua zipatazo milioni 5. Hakimu wa Wimbledon aliona hana kesi ya kujibu: seva ya barua kazi yake ni kupokea barua, kwa hiyo kila barua ilikuwa na idhini. Mei 2006 mahakama ya juu ikakataa hoja hiyo, ikasema idhini ya mwenye seva ina mipaka, wala haihusu barua zinazotumwa kuivuruga. Mwaka huo huo Bunge likarekebisha sheria ya mwaka 1990 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Jon Postel alikwisha kuandika Novemba 1975, katika RFC 706, kwamba kompyuta inapaswa kuweza kumkataa mtumaji msumbufu. Wote hao walikuwa wakimzungumzia anayevuruga. Hakuna aliyezungumzia wakala mwenye pasi saba mkononi, lakini hilo usilitaje.

Ukichoka na simu za Ami, yako mambo ya kufanya, ingawa hayana sifa. Rudisha 50 ilipokuwa. Poti 25, wanakopita wageni, iwekee programu ya kuchuja iitwayo postscreen, iliyoingia Postfix 2.8 mwaka 2011, na usiipeleke kwenye poti 587 wanakopita watu wako. Mahali pa kuwa mkali ni kwenye kubahatisha nywila: smtpd_client_auth_rate_limit ipo tangu toleo 3.1. Hiyo nayo huhesabu anwani, kwa hiyo barua zinazotoka zihesabu kwa jina la akaunti. Anvil haiwezi, programu ya postfwd inaweza. Wakala halali hatumi barua 5,000 kwa dakika, akiwa mgahawani au Darajani. Nywila ya Zanzibar123 ibadilishe leo.

Na kabla hujaandika namba yoyote, fungua logi. Kila baada ya dakika 10 anvil huandika humo kiwango cha juu kilichofikiwa na anwani iliyokifikia. Zisome wiki nzima, na jioni ya Ijumaa usiiruke.