Sifa za Shimo la Kwetu

Huku kwetu mashimo yana heshima yake. Mwadui almasi zilianza kuchimbwa mwaka 1940, na mgeni akifika ukingoni mwa shimo lile huvua kofia bila kuambiwa. Mgodi wa sasa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu 2001, Buzwagi 2009. Kijana akikwambia ana duara lake la kuchimba dhahabu Nyarugusu, anajidai vilevile kama mwenzake wa Dar anayekwambia ana kiwanja Mbezi. Tumekubaliana, wakubwa kwa wadogo, kwamba shimo ni mali. Ndiyo maana inaniuma kwamba hakuna mtu aliyewahi kusimama akalisifu shimo lililo mbele ya geti langu, lililochimbika bila baruti, bila leseni, bila mtu hata mmoja kutoka jasho. Leo nasimama mimi.

Mji siutaji. Uko kati ya Shinyanga na Geita, una stendi, una soko, una makarasha yanayosaga mawe nyuma ya nyumba za watu usiku kucha. Kila msomaji wa njia hiyo atasema ni kwao, na sitambishia.

Nimelifahamu shimo hili tangu likiwa ufa. Lami ilipomwagwa mtaani kwetu tulitoka na watoto tukaikanyaga kwa miguu mitupu, bado ina joto. Mwaka wa pili mtaro ukajaa mchanga na chupa za maji. Mvua iliponyesha, maji yalikosa pa kwenda, yakapanda barabarani, yakakaa. Chini ya lami yetu kuna ule udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukinywa na kupasuka ukikauka, na huo ulikunywa ukashiba. Ukatokea mstari mwembamba, kama alama ya kalamu. Kisha yakaja matipa ya mawe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walipitisha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakakuta kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, barabara huumia kiasi cha mara kumi na sita. Iliwachukua kama miaka miwili. Mtaani kwetu wangemaliza utafiti kwa wiki na wangebaki na muda wa kwenda Mwanza kula sato.

Mwaka wa tatu lilikuwa kisahani cha kahawa. Baada ya Krismasi lilikuwa sinia la pilau. Leo ni karai la zege, na ukingo mmoja umeanza kumega upande wa geti langu kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Fadhila zake ndogo nazipita mbiombio. Limefundisha unyenyekevu: V8 na mkokoteni wa punda vyote huinamisha kichwa pale. Limerudisha salamu, maana ukitembea mwendo wa kinyonga huwezi kumpita jirani bila kumwamkia. Limewapa vyura makazi. Limelisha familia ya fundi wangu wa shokapu, ambaye sasa ananiita kaka. Mama muuza vitumbua amehamishia jiko lake pembeni yake, na hoja yake haina jibu: zamani wateja walikuwa wanapita, siku hizi wanasimama.

Fadhila kuu, ambayo ndiyo hasa imenitoa nyumbani, ni hii: shimo halichakai.

Tulia hapo kidogo. Muulize mhasibu yeyote wa serikali za mitaa akufungulie rejista ya mali za kudumu. Utaona greda, gari, jengo, samani, kila kimoja na safu yake ya uchakavu. Kila mwaka thamani inakatwa. Greda likinunuliwa leo, kesho limeshaanza safari ya kwenda sifuri. Taa ya barabarani yenye betri ya jua inakwenda huko ikikimbia. Mali yote ya umma inazeeka, inapauka, inapungua. Shimo peke yake linaongezeka! Halijawahi kufunga mwaka likiwa dogo kuliko lilivyoufungua. Lingeingizwa kwenye vitabu, hesabu za mji zingependeza: mtaji wa awali hakuna, gharama ya uendeshaji hakuna, ukuaji usiokoma masika na kiangazi. Hebu fikiria tungekuwa makini nalo. Tungelipa namba na kibao. Tungeliwekea jiwe la msingi, ingawa itabidi mtu aingie ndani kuliweka. Tungeliandalia mpango kabambe wa miaka ishirini: awamu ya kwanza kufikia mtaro, awamu ya pili kuungana na shimo la mbele ya msikiti, awamu ya tatu bwawa la samaki. Kuna semina nyingi siku hizi kuhusu miundombinu endelevu; nimehudhuria mbili, chai ilikuwa nzuri. Katika miundombinu yote niliyoonyeshwa kwenye picha za ukutani, sikuona iliyo endelevu kulishinda shimo langu. Linaendelea.

Ni kweli lina mhudumu. Kijana wa miaka kama kumi na mitatu huja alfajiri na chepe, analijaza udongo, anasimama kando na kofia mkononi. "Mjomba, tunawatengenezea barabara." Nampa mia mbili. Mvua ikinyesha udongo wote unaondoka, na asubuhi namkuta tena, kofia ileile. Jirani anadai kijana huyo hulichimbua mwenyewe usiku. Mimi nasema hata kama ni kweli, mtaani petu ni yeye pekee mwenye ratiba ya matengenezo.

Baada ya shokapu ya pili niliona niende kulitambulisha shimo langu rasmi. Ofisi niliyokwenda sitaitaja, kama ambavyo sikuutaja mji. Nilipokelewa na binti mpole sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kuripoti shimo."

"Pole mzee wangu. Lina muda gani?"

"Miaka minne."

Akabofya, akasoma, akanigeuzia uso wa huruma. "Mzee, barabara yenu kwenye mfumo inasomeka iko vizuri."

"Ilisomwa lini?"

"Ilipokabidhiwa."

Nikamuuliza nifanye nini. Akaniambia niandike barua, ila siku hizi barua zinapokelewa kupitia mfumo. Nikamwambia basi aipokee. Akatazama tena mashine yake.

"Leo mfumo uko chini, mzee."

Nilimshukuru na kutoka. Sina kinyongo naye. Hakulichimba yeye, na mfumo hakuubuni yeye. Ila nikiwa njiani kurudi, na gari likilia kwa chini kama mbuzi wa kafara, sifa zilianza kunikauka mdomoni.

Kwa sababu tukilinganisha shimo na shimo, kuna jambo la ajabu. Shimo la mgodi mkubwa linazaliwa na hati yake ya kifo mfukoni. Sheria inamtaka mwekezaji aandae mpango wa kufunga mgodi na aweke dhamana ya fedha za kurejesha mazingira, ili siku dhahabu ikiisha asitoroke akatuachia bonde. Mtu anaweza kubisha kama inatosha, kama inasimamiwa, hayo ni mengine. Buzwagi walipofunga mwaka 2021, neno kufunga halikumshtua mtu. Lilikuwa kwenye karatasi kabla. Sasa niambie: soko letu lina karatasi hiyo? Stendi? Taa za barabarani, ambazo kila moja ilikuja na betri yenye umri wake unaojulikana kiwandani? Nani aliandika, siku ya kuzizindua, kwamba mwaka fulani betri zitakufa, zitagharimu kiasi fulani, na fedha zitatoka kifungu fulani? Hakuna aliyeandika. Zilipozimika tulishangaa kama watu waliofiwa ghafla.

Usiniambie ni umaskini. Mfuko wa Barabara upo, na sheria ya mwaka 1998 inasema angalau asilimia 90 ya fedha zake ziende kwenye matengenezo. TARURA iliundwa mwaka 2017 ili barabara za mijini na vijijini ziwe na mwenyewe. Mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizo, na mimi nimezilipa, lita kwa lita, nikilizunguka shimo. Halmashauri za huku zinapata sehemu ya mauzo ya migodi kama ushuru wa huduma. Fedha hazitoshi, sawa, hazijawahi kutosha popote duniani. Lakini keti kwenye kikao chochote cha bajeti usikilize mikono inanyooshwa kwa lipi. Kuna "miradi ya maendeleo", na maendeleo maana yake ni kitu ambacho jana hakikuwepo. Kuzibua mtaro uliopo si maendeleo, ni usafi, na usafi husubiri. Diwani hawezi kusimama jukwaani akasema: katika miaka yangu mitano, hakuna kilichoharibika.

Tena hapa tunapokaa ni Usukumani! Wazee wa huku ndio waliobuni ngitili. Kipande cha malisho kinafungwa wakati majani yamejaa tele, wakati mtoto yeyote angeweza kuuliza kwa nini ng'ombe wasiingizwe, kwa sababu mzee anakiona kiangazi kabla hakijafika. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliirudishia Shinyanga miti yake kwa kufufua hekima hiyohiyo, kijiji kwa kijiji. Mzee asiyejua kusoma alikuwa na bajeti ya matengenezo ya majani. Sisi tuna mfumo, na uko chini.

Samahani. Nilikuja kusifu.

Nadhani kosa letu limeanzia kwenye methali. Usipoziba ufa utajenga ukuta: shuleni tulifundishwa kwamba ni onyo. Watu wazima wameisoma upya, wakaona ni ahadi. Usipoziba ufa, utapata ukuta wa kujenga! Ufa una nini? Ufa unataka ndoo moja ya lami ya baridi, vibarua wawili na ufagio. Hauna zabuni ya maana, hauna posho ya safari, hauna mgeni rasmi. Ukuta una upembuzi yakinifu, una mkandarasi na mshauri wa mkandarasi, una bango lenye picha, una mkopo. Mwaka 1994 Benki ya Dunia yenyewe iliandika kwamba dola bilioni 12 za matengenezo yaliyofanywa kwa wakati zingeiokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika mwongo mmoja. Wahusika wakaisoma ripoti hiyo kwa makini, wakaona palipo na bilioni 45.

Lipo jambo moja ambalo shimo huliogopa, nalo ni Mwenge wa Uhuru. Mwenge huzindua, hukagua, huweka mawe ya msingi, na njia utakayopita hujulikana mapema. Sijawahi kusikia umezindua kiraka, lakini viraka vingi vimezaliwa kwa ajili yake. Mwaka jana ratiba ilituangukia sisi. Siku tatu kabla, saa nne usiku, tuliamshwa na sauti ya mashine ya kushindilia. Nilitoka na shuka. Vijana wenye makoti ya kung'aa walilikata shimo langu kingo zikanyooka, wakalifagia, wakamwaga kokoto, wakamwaga lami, wakashindilia. Dakika arobaini na tano kwa saa yangu. Miaka minne, shokapu mbili, barua moja iliyokosa mfumo, na kazi yenyewe ni dakika arobaini na tano. Nilisimama pale nikitaka kucheka, nikakuta natukana, kwa Kisukuma, lugha ambayo nilidhani nimeisahau.

Asubuhi kijana wa chepe alifika, akakizunguka kile kiraka, akakipigapiga kwa kisigino, akaondoka bila kuniamkia. Mama wa vitumbua alihamisha jiko lake hadi kwenye tuta la shule, akawa analalamika kwamba pale upepo ni mkali.

Mwenge ukapita. Ulipendeza.

Jumanne ya wiki iliyofuata walikuja watu wa bomba. Kulikuwa na nyumba mpya upande wa pili inayotaka kuunganishiwa maji, na ramani yao ilionyesha kwamba njia fupi inapita katikati ya kiraka. Walichimba kwa sululu, kwa ufundi kabisa, wakapitisha mpira, wakafukia kwa udongo uleule mweusi, wakaupiga kwa chepe mara tatu na kuondoka. Nikamuuliza msimamizi lami itarudishwa na nani. Akasema lami si kazi yao, wao ni maji.

Ijumaa mvua ilinyesha. Jumamosi asubuhi nilipofungua geti lilikuwa limesharudi, safari hii likiwa refu, lenye pembe nne zilizonyooka, utadhani limechorewa ramani. Maji yalikuwa yametulia ndani yake. Mama wa vitumbua alikuwa tayari yuko pale, anapanga mafiga. Alipoona nimesimama alinyanyua kigoda chake, akakisogeza nyuma hatua moja, akakitazama ukingo, akaongeza na ya pili.