Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Kamati za Maafa, Afrika Mashariki

Waheshimiwa,

Naandika kuwapongeza kwa mpango wenu wa dharura, ambao umejaribiwa mara nyingi na haujawahi kuwaangusha. Rambirambi hutoka kabla moshi haujatulia, msafara hufika hospitalini, kamera huingia wodini, kisha tume huundwa. Kasoro ni ndogo tu: mgonjwa hayumo. Aliyeungua vibaya huweza kufa siku nyingi baada ya msafara kuondoka, mara nyingi kwa vijidudu vilivyoingia pale ambapo ngozi ingevizuia. Wageni wodini nao huvileta, wawe wamekuja na pole za dhati kiasi gani.

Moto una hesabu zake, nazo hazisubiri kikao. Kwa kanuni ya Parkland, mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 ya mwili huhitaji takriban lita 11 za dripu katika saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za mwanzo, zikihesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipoandikishwa mapokezi. Wakifika 50 wa namna hiyo kwa pamoja, ni zaidi ya lita 550, na hapo hatujataja bandeji, damu, dawa za maumivu wala upasuaji wa kupandikiza ngozi unaoendelea kwa wiki kadhaa. Chanzo kikiwa ni bomu, huenda mapafu yamechanika na vyuma vimezama tumboni, huku kila mtu akitazama malengelenge. Je, stoo ya hospitali ya mkoa ina lita ngapi usiku wa leo?

Mtajibu kwamba sisi ni maskini, hatuwezi kujenga kitengo cha majeraha ya moto kila mkoa. Ni kweli, na hakuna aliyewaomba. Baada ya mabomu ya Bali, Indonesia, ya tarehe 12 Oktoba 2002, yaliyoua watu 202, hata Australia yenye fedha zake haikuwarundika mahali pamoja majeruhi waliohamishiwa kwake. Zaidi ya 60 walipokewa Darwin, na wengi wakasambazwa upesi kwenye hospitali za miji mingine. 28 walitibiwa katika Hospitali ya Royal Perth chini ya Dkt. Fiona Wood, bingwa wa majeraha ya moto. Kisha nchi ikaandika mpango wa kitaifa wa majeruhi wa moto, ili safari nyingine isibahatishe. Kujua nani ana vitanda vingapi na nani apigiwe simu ni kazi ya karatasi, na karatasi, Waheshimiwa, hamjawahi kupungukiwa. Tena wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri kwamba majeruhi wakizidi uwezo, anayeweza kunywa anyweshwe maji ya chumvi na sukari badala ya kungoja dripu. Hilo nalo lataka mfadhili?

Au mtasema mabomu ni nadra. Nairobi na Dar es Salaam yalilipuka siku moja, 7 Agosti 1998; Mogadishu, 14 Oktoba 2017, walikufa zaidi ya 500, na baadhi ya majeruhi wakapelekwa kwa ndege hadi Uturuki. Kando ya hayo, malori ya mafuta hayakupumzika: yaliwaka Sachangwan, Kenya, mwaka 2009 na Msamvu, Morogoro, mwaka 2019, kila moja likiua zaidi ya watu 100. Gaidi au tangi, kitanda kinachohitajika ni kilekile.

Basi naomba fungu la safari za kutoa pole lihamishiwe stoo, na idadi ya lita zilizopo ibandikwe mlangoni kila Jumatatu.

Wenu mtiifu,
Mwananchi wa kilo 70, makadirio lita 11