Namna ya kwenda zuu ya Entebbe ukitokea Katwe, Kampala

Fundi mwenzangu, weka nyundo chini kwanza. Nawa mikono hadi harufu ya chuma ipungue, kisha panda taksi ya Entebbe pale Kibuye. Ni kilomita 35 hivi. Foleni ikikunasa Kajjansi, vumilia.

Getini, usiingie kama mtu aliyelipa achekeshwe. Ingia kama unayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Pale palianza mwaka 1952 pakiwa makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa, na tangu 1994 ni kituo cha elimu ya uhifadhi, ingawa sisi tunaendelea kusema zuu. Usimrushie sokwe karanga. Sokwe akiletwa angali mtoto, mara nyingi mama yake ameshauawa.

Kwa korongo-nyangumi, nyamaza. Ndege huyo mwenye mdomo kama kiatu husimama bila kutikisika, hata watoto watakuambia ni sanamu. Waambie wamtazame jicho. Akipepesa tu, nauli yako imerudi.

Ukifika kwa faru, vua kofia. Majangili waliwamaliza faru wa mwituni Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, ilibidi ianze upya mwaka 2005 na faru wanne kutoka Kenya.

Sasa lile linalotuhusu mafundi: uliza habari za mitego. Waya wa breki ya baiskeli hupigwa kitanzi na kufungwa kwenye mti mchanga. Anayelengwa ni paa au nguruwe mwitu, lakini sokwe naye hupita hapo na kutia mkono. Anavuta, kitanzi kinakaza. Hata akifaulu kuukata waya, kitanzi hubaki kifundoni, nyama ikavimba juu yake mpaka vidole vinakufa. Msitu wa Budongo una sokwe wengi wenye viganja vilivyopinda au kukatika kwa ajili hiyo. Na mtego ule mkubwa wenye taya, unaovunja mguu wa simba, huundwa kwa springi za gari. Springi hizi hizi tunazozifua ziwe visu.

Mimi naona fundi wa Katwe ana la kufanya zaidi kuliko mgeni mwenye kamera. Ukirudi jioni, mteja akikuletea springi umpindie taya, mkatalie, na umweleze ulichokiona Entebbe.