Safu ya Ushauri: Wakwe, Kuni na Ziwa

Kila barafu ya maziwa ya Ufini imalizapo kuyeyuka, jambo ambalo katika sehemu za kusini hutokea baina ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, barua za Waswahili waliooa na walioolewa huko huanza kutufikia kwa wingi, nazo, ijapokuwa zimeandikwa kwa mikono mbalimbali na kwa ghadhabu za daraja mbalimbali, zina shtaka moja tu: kwamba wakwe wana kibanda ziwani, na kwamba hapana udhuru uliokwisha kupatikana wa kuepuka kwenda. Kwa faida ya msomaji asiyeijua nchi hiyo, inapasa tutangulize kusema kwamba watu wake hawafiki milioni 6, na maziwa yake, yakihesabiwa pamoja na yale madogo ya mita za mraba 500, yanapita 180,000, na nyumba za kiangazi zimezidi 500,000, nazo wenyewe huziita mökki. Wala si za matajiri peke yao, bali ni za makarani, waalimu, mafundi wa mitambo na wajane, ambao wengi wao walizipokea kwa wazazi pamoja na mashua ya makasia, mashoka mawili, na ugomvi usiokwisha.

*

"Bwana Mshauri, baada ya salamu nyingi. Mume wangu aliniambia tunakwenda kupumzika wiki tatu kwa wazazi wake. Nilipofika nikaona hapana umeme, maji yanatekwa ziwani kwa ndoo, choo ni kijumba cha mbao msituni, na mama mkwe akanipa glavu za kazi kabla hajanipa chai. Sisi kwetu Mombasa tuna mfereji ndani. Je, hii si dharau? Mimi, Niliyedanganywa, Tampere."

Binti yetu, pole, walakini hukudharauliwa. Mgeni katika nyumba zile hupewa kahawa na kiti kinachokabili ziwa, akaulizwa habari za safari, kisha akasahauliwa kwa upole mpaka saa ya chakula. Glavu hapewi ila mtu ambaye mwenye nyumba amekwisha kumtia katika hesabu ya watu wake, na mama mkwe aliyekutangulizia glavu kabla ya chai amekupa kwa siku moja cheo ambacho wakwe wengine hukingoja miaka. Hebu taamali asili ya jambo lenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, na zaidi katika miaka ya 1960 na 1970, Wafini kwa malaki waliyaacha mashamba ya wazee wao wakahamia mijini, na wengi wakavuka hata Uswidi kutafuta kazi za viwandani. Na wale waliopanga fleti za Helsinki na Tampere, walipoanza kupata likizo ya mshahara, walirudi kwenye kipande cha ufuo kilichosalia katika ardhi ya jadi, au wakanunua kingine mfano wake, wakajenga kwa mikono yao chumba kimoja, ukumbi wa kubarizia, na sauna kando ya maji. Kibanda hicho basi ndicho kijiji chao kilichobaki, na kijiji kina kazi. Wewe umefundishwa na matangazo ya hoteli za pwani yetu kwamba kupumzika ni kulala huku ukihudumiwa. Wao huona kwamba mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima hana anasa ipitayo kupasua kuni na kuliona rundo likipanda. Wavuvi wetu wa Kojani waendao dago hupiga kambi katika fuo za ugenini msimu mzima, wakalala juu ya mchanga, na hatujapata kusikia mmoja wao akiuliza mfereji uko wapi.

Kwa hiyo fanya hivi. Teka maji ya asubuhi kabla hujaambiwa. Chooni, ukimaliza haja, mwaga kombe la mboji iliyomo katika ndoo kandoni mwako na urudishe kifuniko, wala usilete dawa kali ya mjini, maana kile ni choo cha kutoa mbolea, na kukitia dawa ni kukiharibu. Ukipewa burashi na ile rangi nyekundu ya udongo ambayo nyumba zao nyingi hupakwa, chagua ukuta wa upande wa ziwa, unaoonekana na kila apitaye kwa mashua. Moto wa sauna usiuguse: hiyo ni milki ya baba mkwe, na hatumjui aliyemnyang'anya akabaki na amani.

*

"Shekhe, nimeoa huku, na mkesha wa Juhannus, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi, baba mkwe amenialika kuingia naye sauna. Nimesikia kwamba huingia uchi. Mimi ni mtu wa Unguja, na baba mkwe ni mtu ninayemwamkia kwa taadhima. Nifanyeje? Mwenye Haya, Lahti."

Bwana Mwenye Haya, haya yako ni katika imani na hatutakuambia uiache, lakini wahaka wako umepita kiasi cha hatari iliyopo. Palipo na watu mchanganyiko, wanaume huingia kwa zamu yao na wanawake kwa zamu yao, na kikoi chako ukijifunga hakitamkera mtu. Kinachokera ni vazi la kuogelea, ambalo hupigwa marufuku hata katika sauna za mabwawa ya umma, kwa sababu wao huliona kuwa ni uchafu. Ndani mna joto la nyuzi 80 na zaidi, na baba mkwe atamwaga maji juu ya mawe, na mvuke utakujia masikioni kama habari mbaya. Keti benchi la chini. Atakupa fungu la matawi mabichi ya mti uitwao koivu ujipige nalo mabegani. Jipige, kwa kadiri.

La muhimu kuliko sitara ni ulimi. Wazee wa Kifini huwafunza watoto kwamba humo mtu akae kwa adabu ya kanisani, na wana hoja, kwa kuwa zamani wanawake wao walizalia sauna na maiti wao waliogeshwa sauna; na utamaduni huo mnamo Disemba 2020 uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu, kwa hivyo utakapokuwa unatiririkwa na jasho ujue kwamba unatiririkwa kimataifa. Usimwulize baba mkwe bei ya kiwanja. Usimsimulie siasa za kwenu. Akinyamaza robo saa, kisha akasema "ndiyo" bila ya kuulizwa kitu, hayo ndiyo mazungumzo, na yamekwenda vizuri. Baada ya hapo mtatumbukia ziwani, na usiku kutakuwa na moto mkubwa wa magogo ufuoni, ambao mtu aliyepata kukitazama kibanda cha makuti kikiteketezwa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa hana haja ya kufafanuliwa. Sikukuu yenyewe tangu 1955 huwekwa Jumamosi iangukayo baina ya 20 na 26 Juni, na mkesha ni Ijumaa. Panga sala yako ya Ijumaa mapema, maana saa sita za mchana mji mzima utakuwa barabarani.

*

"Kwa Mshauri. Mimi ni mvuvi, mtoto wa mvuvi, wa Lamu. Nilimletea mkwe wangu zawadi ya nyavu nzuri, nikazitega Saimaa usiku wa Juni, na asubuhi amenikabili mbele ya watoto kama mwizi. Mvuvi Aliyeaibishwa, Savonlinna."

Umekosa, Bwana, na mkwe wako ana haki. Katika Saimaa, ambalo ndilo ziwa lao kubwa kupita yote, mna sili aitwaye saimaannorppa, asiyepatikana mahali pengine popote duniani, ambaye mababu zake walizibiwa humo na nchi iliyoinuka baada ya enzi ya barafu. Ni mamia machache tu waliobaki, na watoto wake hunasa nyavuni wakafa kwa kukosa pumzi. Ndiyo sababu katika maji yake nyavu zimekatazwa kuanzia 15 Aprili hadi 30 Juni. Hata baada ya hapo utahitaji idhini ya mwenye maji na kulipa ada ya serikali. Fimbo na ndoana yenye chambo ni halali kwa kila mtu, bure. Zikunje nyavu, uvue kwa fimbo pamoja na watoto wale wale waliokuona ukikaripiwa, na ukiletewa samaki wadogo waitwao muikku, wagaagize katika unga wa shayiri nyeusi, uwakaange kwa siagi, uwale na miiba yao kama ulavyo dagaa.

*

Msomaji wa Mikkeli anauliza saa ya Isha katika usiku ambao jua huzama karibu na saa 5 na kuchomoza kabla ya saa 10, na giza lisiingie baina yake. Swali hilo ni la masheikh, na wamekwisha kulijadili. Sisi tunaweza tu kumhakikishia kwamba mbu wanaomwuma wakati akilifikiria, ingawa ni wengi kuliko wa Rufiji, hawana malaria siku hizi. Zamani walikuwa nayo, hata Ufini.

*

"Mheshimiwa Mshauri. Babu ya mke wangu aliijenga nyumba ya ziwani kwa mikono yake, na amekwisha kufariki. Bibi yu hai, mzee sana, hasemi. Watoto wake ni watatu. Wa kwanza ataka kuiuza. Wa pili ataka kutia umeme na jiko la kisasa. Wa tatu, mama mkwe wangu, hataki hata droo ya vijiko iguswe. Wote wanaitaka Julai. Nimeombwa nisuluhishe kwa kuwa mimi si mtu wa huku. Mkwe Aliyetumwa, Kuopio."

Mwanetu, hii ndiyo barua tuliyoisubiri, na tutaijibu kwa wasaa.

Kwanza, usisuluhishe. Mkwe katika mirathi hana fungu, ana masikio, na aliyekutuma amekutuma ili lawama ipate mahali pa kushukia. Pili, jua sheria ilivyo. Kwa Wafini hakuna kadhi wala mafungu ya faraidhi. Mtoto wa kike na wa kiume wana haki sawasawa, na mzazi hata akiandika wasia hawezi kumnyima mwanawe kabisa, kwa kuwa nusu ya fungu ambalo angelipata pasipo wasia imehifadhiwa. Bibi akiondoka bila ya mpango, mali itabaki kwa warithi wote kwa shirika, na katika shirika hilo hapana bati litakalobadilishwa wala mti utakaokatwa bila ya wote watatu kuafikiana, ilhali mmoja wao, akichoka, ana haki ya kudai igawanywe. Sasa ligawe ziwa! Sisi watu wa pwani hatuna la kujifunza hapa: nenda Mji Mkongwe wa Unguja ukatazame majumba ambayo yameporomoka roshani kwa roshani, na ukiuliza ni ya nani utaambiwa ni ya watu arobaini, na ya watu arobaini ndiyo yasiyotiwa chokaa.

Rai yetu ni kwamba msijadili nyumba, mjadili kalenda. Julai kila mtu huitaka, kwa kuwa ndio mwezi ambao nchi nzima hufunga ofisi. Lakini nani aliyekwenda Mei, maji yakiwa bado baridi ya kuvunja mifupa, akakisukuma kigati majini, akafagia mavi ya panya kabatini na kuipaka mashua lami? Nani aliyekwenda Oktoba kukivuta kigati nchi kavu kabla barafu haijakivunja, akaipindua mashua, na kuondoa kila chupa ambayo ingepasuka kwa kuganda? Na jibu lipo, limeandikwa. Katika nyumba hizo aghalabu huwekwa kitabu cha wageni, ambamo kila ajaye huandika tarehe, hali ya hewa, samaki waliopatikana na nani aliyekuwapo. Kitoe kitabu hicho rafuni, ukae nacho mezani siku ya mvua, uhesabu, kwa kila mmoja wa hao watatu, siku zake za Mei na Oktoba. Usiseme neno. Acha karatasi ya hesabu chini ya sufuria ya kahawa.

Tunabashiri utaona ajabu: anayetaka kuuza hajaonekana Oktoba hata moja, na yule wa jiko la kisasa, ambaye nyote mnamlaumu, ndiye aliyepaka mashua lami miaka yote. Ikiwa ni hivyo, mpeni umeme wake. Mama mkwe wako abaki na droo ya vijiko, kwa maandishi. Na anayetaka kuuza anunuliwe fungu lake na wenziwe, kwa bei ya mthamini, wakati wake ufikapo, bila ya kutukanwa, maana huenda ana deni ambalo hakulisema.

Tatu, na hili lifanywe kiangazi hiki: mtu amwulize bibi. Asiulizwe na watoto wake, ambao atawapendelea au kuwaogopa. Aulizwe na mke wako, jioni, wakiwa wawili kwenye kigati, na kisha wakili aitwe ili liandikwe kwa taratibu zinazotakiwa, mashahidi wawili wakiwapo kwa pamoja. Mtu kusema machache hakumaanishi kwamba hana rai.

*

Wasomaji wenye masaibu ya namna hii wanaombwa waandike kabla ya Juhannus. Barua za Julai zitajibiwa Septemba, kwa kuwa wahusika wote, pamoja na wakili, watakuwa ziwani, na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha. Maombi ya kukodishiwa kibanda cha Mkwe wa Kuopio yasitumwe kwetu. Hajapata hata yeye mwenyewe wiki ya kwenda.