Mgeni Aliyekalia Hesabu

Uso haujanipoa tangu jana. Mthibiti ubora wa shule aliingia darasa la awali, akakataa kiti, akasema atakaa mkekani na watoto. Sijamaliza kusema "Mzee, angalia hapo," keshaketi juu ya visoda. Kisoda kina meno 21.

Akajikaza kiume. Akapanga visoda vinane mbele ya mvulana mmoja, akamwambia ahesabu. Moja, mbili, mpaka nane, kidole hakikuruka hata kimoja.

"Viko vingapi?"

Mtoto akaanza upya: moja, mbili...

"Nimekuuliza, vingapi?"

Kwa adabu zake zote, mtoto akaanza upya.

Mzee akanitazama kama nimeuza chaki za serikali. Nami nilitamani anipe nusu saa tu, maana jambo hili hunikosesha usingizi kwa utamu wake. Kwa mtoto wa umri huo, "vingapi?" ni amri ya kuhesabu. Kuimba namba kwa mpangilio ni kazi moja. Kugusa kila kisoda mara moja kwa namba moja ni nyingine. Kutambua kwamba ile "nane" ya mwisho ndiyo idadi ya vyote ni nyingine kabisa, na huja kwa wakati wake. Wanasaikolojia Gelman na Gallistel waliyaeleza haya tangu 1978. Piaget naye alionyesha kwamba ukiitawanya safu, mtoto ataapa vitu vimeongezeka. Nimejaribu kwa visoda: vimeongezeka! Laiti mshahara ungetawanywa hivyo.

Mzee akainuka kuaga. Binti mmoja, macho kwenye suruali ya mgeni, akapaza sauti: "Mwalimu, anaondoka na viwili!"

Viwili kweli. Na hakuhesabu; aliona tu, akajua. Hilo halikuandikwa. Kilichoandikwa ni "zana duni".

Duni! Visoda hivyo niliviombea baa, mchana kweupe, mbele ya mzazi mwenye watoto wawili darasani kwangu. Nikaviosha kwa sabuni yangu. Fedha za zana hufika kwenye ripoti, darasani hazijapajua, na anayeandika "duni" hajawahi kuniletea hata kijiti.

Kabla ya visoda tulikuwa na maharage. Moja lilitolewa puani kwa mtu, zahanati. Mahindi yaliliwa na kuku wa jirani. Njiti za kibiriti zilimleta bibi mmoja shuleni kuuliza tunafundisha somo gani.