Vita ya Sekunde Sita

Mjomba, mtulize shangazi mapema hapo Viwanja Sitini, Ifakara: sijajiunga na frimasoni. Ile picha inayozunguka kwenye grupu la ukoo, yenye mshumaa, ramani na vidude vya rangi vyenye pembe nyingi, ilipigwa jikoni kwangu hapa Basel. Mshumaa ulikuwa wa kupunguza harufu ya dagaa. Vidude ni dadu. Na si kamari pia, hakuna anayeweka hata senti. Wazungu wenyewe waliushuku mchezo huu. Marekani miaka ya 1980 kuna wazazi waliodai unafundisha watoto ushetani. Shangazi ana wenzake.

Unaitwa Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake: huyu mpiga upanga, yule mganga. Mmoja ndiye mwendeshaji. Anasimulia dunia yote, anakuwa maadui wote, na bado anakuwa refa. Huyo ni mimi. Wanasema nimechaguliwa kwa sababu Waafrika tunajua kusimulia. Mimi naona ni kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kusoma kitabu cha kanuni.

Kusimulia si kazi. Kazi ni vita ikianza. Kila mtu anarusha dadu ya nyuso 20, mwenye namba kubwa anatangulia. Zamu yako unasogea, unafanya jambo moja, unampisha mwenzio. Mkizunguka wote, maadui pia, zimehesabiwa sekunde 6 za vita. Sekunde 6, Mjomba! Huku mezani nusu saa imekatika, maana tuna jamaa mmoja mhasibu ambaye zamu ikimfikia ndipo anafungua daftari kuangalia ana silaha gani. Kibwengo ameshamwinulia shoka, yeye anauliza akipanda juu ya meza atapata nafuu kiasi gani.

Nikaleta utaratibu wa stendi ya Ifakara. Majina nimeyapanga kwenye karatasi kubwa ukutani. Nikimwita mmoja, namtaja na anayefuata ajiandae. Nikihesabu hadi tano hujasema unafanya nini, mhusika wako anajikinga tu, gari linaondoka. Mhasibu alinuna mwanzoni. Sasa yeye ndiye anayewahimiza wengine.

Kasi ikapatikana, lakini vita bado ilikuwa hesabu ya kutoa. Kibwengo wa kitabuni ana pointi 7 za uhai, unampiga mpaka zinaisha, unahamia wa pili. Hakimbii, haombi msamaha. Adui gani huyo? Ndipo nikawahamishia kwetu, Mto Kilombero. Lakini kwa sharti iwe zamani: Daraja la Magufuli la mtoni hapo lina mita 384, lilizinduliwa 2018, na sasa watu wanavuka mto wakichati. Vita utaitoa wapi? Nikarudisha enzi za kivuko, nikakiharibu, ikabidi wapande mtumbwi usiku, masika, mto umeshaingia kwenye mashamba ya mpunga.

Akatokea kiboko. Mpiga upanga wetu anamjua kiboko wa bustani ya wanyama, akacheka. Kiboko alikuwa anatoka malishoni anarudi majini, na mtumbwi umekaa palepale anapopita. Zamu yake ikafika: akaupiga, ukapinduka, mganga na dawa zake zote majini. Mpiga upanga akarusha dadu, ikasimama kwenye 20, meza nzima ikapiga kelele, maana hapo dadu za kipigo zinarushwa maradufu. Kiboko akapata jeraha. Zamu iliyofuata akampita kando, akazama.

“Amekimbia?” mhasibu akauliza.

Hajakimbia, nikamwambia, amefika alikokuwa anakwenda.

Tangu siku hiyo kila adui wangu ana kitu anachokitaka. Akikipata, au akiona kinamgharimu mno, anaondoka, na vita inakwisha hata kama pointi zake bado zipo. Vitabu vingenifundisha hilo, lakini mto wetu umelifundisha vizuri zaidi.

Hapa, Ifakara si jina geni. Rudolf Geigy, aliyeanzisha maabara hapo kwetu miaka ya 1950, alikuwa mtu wa Basel, na mezani nina dada mmoja anayesomea mbu. Aligoma kuamini usiku wa Kilombero usio na mbu. Kwa hiyo asiye na chandarua sasa anarusha dadu kila usiku kuikwepa malaria. Imeshaangusha mashujaa wengi kuliko vibwengo wote.

Mwingine aliomba dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Hiyo nilikataa. Wapogoro na Wambunga waliolivamia boma la Mahenge Agosti 1905 wakiiamini dawa kama hiyo walikutana na bunduki za rashasha, na wajukuu wao ni majirani zetu. Mezani kwangu hilo haliwi mchezo.

Sasa Jumamosi wanaingia kwenye mabwawa, na nimewaandalia mamba. Wewe umevua mto huo tangu ujana, niambie: mamba akikosa mara ya kwanza, anarudia palepale au anazama akusubiri kwingine? Nitumie ujumbe wa sauti, hata mfupi, kabla ya Ijumaa jioni.